Somo: Namna ya Kusoma Darizi katika Picha za Kejeli za London, Karne ya 18

Mapema miaka ya 1770, Matthew Darly na mkewe Mary waliuza katika duka lao la mtaa wa Strand, London, picha za kuwacheka makaroni, yaani vijana Waingereza waliopenda mitindo ya Ulaya bara: mawigi marefu, makoti ya kubana na vizibao vilivyodariziwa.

Hatua ya kwanza ni kusoma mstari mdogo ulio chini ya picha. Sheria ya mwaka 1735 ilidai jina la mwenye bamba, yaani kipande cha shaba kilichochapia picha, na tarehe ya kutolewa viandikwe hapo.

Hatua ya pili ndiyo kiini cha somo: tazama darizi imekaa wapi. Mdarizi alipokea hariri ambayo bado haijakatwa, umbo la kizibao likiwa limechorwa juu yake. Akadarizi kingo za mbele na vifuniko vya mifuko, ndipo fundi akakata na kushona. Kwa hiyo maua ya darizi huandama ukingo na kugeuka nao penye kona, ilhali milia iliyofumwa hunyooka tu mpaka ikatizwe na mshono.

Hatua ya tatu, usihesabu mishono. Mchoraji alikwangua nta iliyofunika bamba la shaba, tindikali ikala palipokwanguliwa, na nukta tatu zenye kikunjo kimoja zilimtosha kuwa ua zima. Atakayeona hapo mshono wa mnyororo ana macho kunishinda.

Rangi ziache mwisho, kwa kuwa zilipakwa kwa mkono, nakala moja baada ya nyingine.

Swali: Mwalimu, mbona kizibao cha bwana huyu kimefungwa upande wa kike?

Jibu: Kabla ya kumlaumu fundi, tafuta upanga. Ukiuona umening'inia nyonga ya kulia, basi picha nzima imepinduka, kwani karatasi hupokea kinyume cha kilichochorwa kwenye bamba.

Swali: Je, darizi ilichekwa hata ilipovaliwa ikulu?

Jibu: Huko ilikuwa vazi la heshima, kilichochekwa ni kuivaa pasipostahili. Kinyume chake pia kilichekwa: katika picha ya mchoraji wa kejeli James Gillray ya mwaka 1792, Mfalme George III anakula yai la kuchemsha, na suruali yake ina kiraka.