Skripti ya drama: tengeneza pumzi kwanza, sauti itakuja

Msimu wa mashindano ya drama ya shule ukikaribia huku Mombasa utasikia watoto wanapiga mayowe kuanzia Tudor mpaka Likoni, mwalimu kazi yake ni "paza sauti! paza sauti!", wakifika kwa majaji koo zishakauka. Na mara nyingi shida si mtoto, ni skripti, imeandikwa ya kusomwa kimya halafu mtu anaambiwa aiseme.

Kwa hiyo ukimaliza kuandika simama, isome kwa sauti, na popote pumzi inapokatika kabla sentensi haijaisha, punguza maneno. Weka kijistari cha penseli pale pa kuvuta pumzi. Halafu soma kanuni za mwaka huo, usije ukapoteza maksi kwa kupitisha muda tu.

Wahusika nao waongee kama watu. Mama wa Kibokoni haongei kama mtangazaji wa taarifa ya habari jamani, mwache aseme "ndoo hapa" (njoo hapa) na "yuwaja" (anakuja). Lakini mkivuka kaunti mkaenda rijini ama nashonali kuna jaji hajawahi kusikia Kimvita, Kiswahili chetu cha Mombasa, so mstari wenye habari muhimu ya hadithi usiufiche kwenye lahaja.

Sasa shairi, hapa ndipo wengi huanguka. Chukua mshororo kama huu: "Bahari imekauka, samaki tuwapatepi". Mizani (silabi) 16, nane ukwapi, yaani kipande cha kwanza, nane utao, kipande cha pili. Mtoto akiachiwa ataukariri kwa ule wimbo mmoja, anaegemea "ka", anaegemea "pi", beti zote hivyo hivyo mpaka mwisho, na ukumbi unasinzia. Muulize kwanza, nani anasema haya na anamwambia nani? Kama ni mvuvi mzee anamwambia mwanawe, "bahari imekauka" inatoka chini, karibu kama siri, kisha ananyamaza kidogo, na lile swali halihitaji nguvu. Kama anamwambia ofisa aliyekuja na gari kubwa, "tuwapatepi" inapanda na anamkazia macho. Maneno ni yale yale, vina viko pale pale, vitasikika vyenyewe bila kupigiwa nyundo.

Mazoezi ya sauti: mkono juu ya tumbo, pumzi iusukume mkono, mabega yatulie. Halafu mpeleke mwisho wa uwanja wakati matatu zinapiga honi, aseme mstari wake taratibu na midomo ifunguke vizuri. Ukimsikia bila yeye kukunja shingo, ameiva. Konsonanti ndizo hulifanya neno lieleweke kwa mbali, kelele haifiki popote.

Mikono sitasema mengi. Akisema "moyo" si lazima ashike kifua, akisema "mbingu" si lazima aonyeshe dari, sote twajua dari iko wapi.

Siku yenyewe maji ya kawaida, kidogo kidogo tangu asubuhi manake joto letu walijua. Viazi karai vingojee baadaye, mafuta yanakaa kooni, na mabuyu kabisa usimruhusu, mtoto atapanda stejini na ulimi mwekundu awe mfalme wa kuchekesha. Akisahau mstari, asimtazame mwalimu wala asianze upya, abaki ndani ya mhusika, avute pumzi, achukue mstari wowote unaofuata anaoukumbuka aendelee, jaji hana lazima ya kujua.