Andika alfa kabla ya kuwasha mizani

Jirani yangu wa Buguruni, mama lishe, analalamika kwamba paketi za mchele za kilo moja anazonunua duka la jumla ni nyepesi. Tukapima paketi 20. Kumi na tano hazikufika kilo. "Mwanangu, ananiibia au haniibii?" Fuata hatua hizi nawe uone.

Hatua ya 1: Andika nadharia tete sifuri, yaani dhana ya kuanzia utakayoipima: muuzaji ni mwaminifu. Kila paketi ina nafasi nusu kwa nusu ya kupungua au kuzidi.

Hatua ya 2: Chagua alfa, yaani hatari unayokubali ya kumtuhumu asiye na kosa. Alfa 0.05 ni mara 1 kati ya 20, 0.01 ni mara 1 kati ya 100. Iandike daftarini kabla ya kupima. Hapa silegezi kamba: anayechagua alfa baada ya kuona matokeo ameshatoa hukumu, sasa anatafuta sheria ya kuifunika.

Hatua ya 3: Tafuta thamani ya p. Kwenye Excel andika =1-BINOM.DIST(14,20,0.5,TRUE). Utapata 0.0207: huo ndio uwezekano wa muuzaji mwaminifu kutoa paketi nyepesi 15 au zaidi. Si uwezekano wa yeye kuwa mwaminifu. Wengi huteleza hapo.

Hatua ya 4: Linganisha p na alfa: p ikiwa ndogo kuliko alfa, unaikataa nadharia tete. Kwa 0.05 unaikataa nadharia tete, kwa 0.01 huikatai. Mchele ni uleule. Kilichobadilika ni uzito wa ushahidi unaoudai. Tena angalia: zingekuwa nyepesi 14, p ni 0.0577, zikiwa 16, ni 0.0059. Paketi moja tu! Kwa hiyo kwenye ripoti taja p yenyewe, usiishie kusema nadharia tete imekataliwa au haikukataliwa.

Kushusha alfa kuna gharama. Tuseme kweli paketi 7 kati ya 10 ni nyepesi. Kwa 0.05 (zinahitajika 15) uwezekano wa kumnasa muuzaji ni takriban asilimia 42, kwa 0.01 (zinahitajika 16), asilimia 24 tu. Dawa yake ni kupima paketi nyingi zaidi.

Daftari letu lilisema 0.01, maana jina la mfanyabiashara likichafuka halisafishiki upesi. Nikamwomba mama asiende kugomba. Jumamosi tunapima paketi 60 mpya, bila kuzichanganya na zile 20.