Taja hali ya awali kabla ya matokeo

Nilipokuwa nikiupitia upya wasifu wangu wa kazi, niligundua kwamba tarakimu haina uzito mpaka msomaji ajue ilianzia wapi. Badala ya kuandika “niliboresha huduma kwa wateja”, eleza kwamba malalamiko yalikuwa yakijibiwa ndani ya siku 5, ukapanga zamu upya, na baadaye yakawa yanajibiwa ndani ya siku 1. Hapo msomaji hupima tofauti mwenyewe, na mchango wako, ambao ndio hasa anaoutafuta, huonekana waziwazi. Mbinu hii hushindwa ukijitwalia kazi ya timu nzima, kwa kuwa swali moja la usaili hutosha kukufichua. Takwimu zikiwa siri ya mwajiri, usizitaje. Eleza mabadiliko kwa maneno.