Kabla ya Kwenda Galveston Kutazama Vibao vya Historia: Mambo ya Kuzingatia

Kutoka Houston hadi Galveston ni kama kilomita 80 tu, ndiyo maana wengi wetu tunaoishi huku Texas tunaamka Jumamosi tukajiendea: samaki, picha za ufukweni, tunarudi. Kwa bahari hiyo inatosha. Kwa mji wenyewe wa kale, inabidi ujiandae.

Soma kabla hujatoka nyumbani. Vibao vya tume ya historia ya jimbo ni vya alumini, maneno yamebanana, Kiingereza chake kizito, na juani vinang'aa mpaka unakunja uso. Tume imeweka orodha ya vibao vyake na ramani kwenye intaneti. Chagua vinne au vitano, uvisome umetulia. Niliwahi kumpeleka mama mdogo, ambaye Kiingereza hakipandi, nikawa natafsiri kwa kubabaisha huku jasho linanitiririka. Safari ya pili niliandika kila kitu kwenye karatasi kwa Kiswahili. Akawa yeye ndiye anayeniuliza maswali.

Kusoma mapema kutakuepusha pia na kuvunjika moyo, kwa sababu kibao huweza kusimama mahali pasipo na kitu. Kile cha Juneteenth, sikukuu ya kukumbuka kuachiwa huru watumwa, kilichowekwa 2014 pale mtaa wa Strand unapokutana na wa 22, kinaonyesha lilipokuwa jengo la Osterman, makao ya jeshi la Kaskazini lililoshinda vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Hapo ndipo panapohusishwa na Amri Namba 3 ya Jenerali Gordon Granger, ya tarehe 19 Juni 1865. Jengo halipo; utakuta maegesho ya magari, na ukutani mchoro mkubwa wa 2021 ulioongozwa na msanii Reginald Adams. Kwa hiyo nenda na maneno ya amri kwenye simu, uyasome yote palepale. Inaanza kwa kuwatangazia watu wa Texas kwamba watumwa wote wako huru, miaka miwili na nusu baada ya tangazo la Rais Lincoln la kuwapa watumwa uhuru. Inaishia kwa kuwataka hao walioachiwa wabaki kimya walipo na kufanya kazi kwa ujira, na kwamba hawatalishwa wakikaa bure. Kwenye sherehe za Juneteenth husikii sana habari za huo mwisho.

Jambo jingine: ardhi utakayoikanyaga imeinuliwa. Tufani ya tarehe 8 Septemba 1900 iliua watu wasiopungua 6,000, na wengi hukadiria 8,000. Baadaye mji ulijenga ukuta wa bahari, sehemu ya kwanza ikakamilika 1904, kisha ukainua nyumba kwa jeki na kusukuma mchanga chini yake, kazi iliyoendelea hadi 1911. Kanisa la St. Patrick, la tani 3,000 hivi, lilipandishwa namna hiyo. Ukifika Ashton Villa, nyumba ya 1859, usikimbilie mlangoni. Tazama uzio wake wa chuma, ulivyo mfupi kupita kiasi kwa nyumba ya tajiri. Sehemu yake ya chini imefukiwa.

Ukiwa na watoto, fikiria kwanza utawaambia nini kwenye kibao cha pale barabara ya Seawall, inayofuata ukuta huo wa bahari, inapokutana na mtaa wa 69. Pale palikuwa na nyumba ya yatima. Katika tufani hiyo ya 1900 masista walijifunga kamba za kuanikia nguo pamoja na watoto ili maji yasiwatenganishe. Walikufa masista 10 na watoto 90. Wavulana watatu tu ndio waliopona.

Bishop's Palace, jumba la mawe lililokamilika 1892, huingiwa kwa tiketi, basi hakikisha saa za kufungua. Maegesho ya Seawall yanalipiwa. Ukimpeleka mzee, chunga kingo za njia pale Strand, ziko juu mno kwa goti bovu. Kofia na maji usiulize. Msimu wa tufani ni Juni hadi Novemba, kwa hiyo angalia hali ya hewa jana yake.

Watoto wakichoka na vibao, feri ya kwenda rasi ya Bolivar, ng'ambo ya maji, ni bure. Simameni nyuma, upande usio na jua, mara nyingi pomboo huifuata.