Kufuatilia asili ya neno la lugha za Ulaya: tuanze na "gift"

Juzi mdogo wangu anayejifunza kutafsiri alinitumia picha ya kopo la Kijerumani lenye fuvu na neno Gift. Yeye alikuwa ameandika "zawadi". Kwa Kijerumani hiyo ni sumu. Usiku ule tulilifuatilia hivi.

Hatua ya 1: Orodhesha maana kwa kila lugha, pamoja na aina ya neno. Kiingereza: zawadi. Kijerumani: sumu. Kiswidi na Kidenmaki: sumu, lakini likiwa kivumishi ni mtu aliyeoa au kuolewa. Kiholanzi: gift ni zawadi au mchango, sumu ni gif.

Hatua ya 2: Tafuta kitenzi mama. Give ya Kiingereza, geben ya Kijerumani, ge ya Kiswidi: zote ni kutoa au kupa.

Hatua ya 3: Unganisha maana. Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima nilipoanza kazi hii, nikiamini ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati, kama kaa la moto na kaa wa pwani. Sivyo. Kwa Kigiriki dosis ni tendo la kutoa, kisha ikawa kipimo cha dawa anachopewa mgonjwa. Kilatini kikaichukua, na Kijerumani kikabebesha neno lake lenyewe la "kutoa" maana hiyohiyo, hadi ikabaki sumu tu. Dozi yetu imetoka kwenye dosis hiyo.

Angalia jinsia ya nomino, usiiruke! Leo ni das Gift, ila maana ya kale ya "utoaji" ilikuwa ya kike, na bado iko ndani ya die Mitgift, mali ambayo bibi harusi huenda nayo kwa mumewe. Usiiite mahari, maana mahari hutoka upande wa mume. Ajabu ni kwamba katika Kiingereza cha kale, gift ilikuwa karibu kabisa na mahari yetu: malipo ya kupata mke. Maana ya ndoa kwa Waswidi nayo imetoka kwenye kutoa binti.

Kwa hatua hii tumia kamusi ya Kijerumani ya ndugu Grimm, ambayo juzuu yake ya kwanza ilitoka 1854, ikakamilika 1961. Inasomeka bure mtandaoni. Programu za kutafsiri ziweke kando kabisa, zinakupa maana ya leo tu.

Hatua ya 4: Sikiliza sauti. Waswidi husema "yift", na Waingereza wa kale walisema hivyohivyo. G nzito waliipata kwa Waskandinavia wa kale waliohamia kwao, ambao wakati huo bado waliitamka.

Hatua ya 5: Rudi kwenye kopo. Chini ya fuvu tukaandika SUMU.