Neno "leave": kuondoka, kuacha na ruhusa

Kwa vijana wanaoongoza wageni Kilwa Masoko na Mikindani, neno la Kiingereza "leave" linahitaji kusikilizwa pamoja na linalolifuata, kwa kuwa hubeba maana ya kuondoka na pia ya kuacha kitu nyuma. Mgeni akisema gatini, kabla ya kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani, "Leave the bags," anataka mizigo iachwe ilipo. Akisema "Let's leave," anataka safari ianze. Likifuatwa na "for" mambo hugeuka: "leave Lindi" ni kuondoka Lindi, ilhali "leave for Lindi" ni kufunga safari ya kwenda huko.

Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "læfan", yaani kubakiza, na maana hiyo ingali hai katika "two seats left", viti viwili vimebaki. Maana ya kuondoka ilizuka baadaye, kwa sababu anayeondoka huacha mahali na watu nyuma yake.

Lile "leave" la likizo, ambalo wengi hudhani ni neno hilohilo, lina asili nyingine kabisa: limetokana na "leaf" ya kale, iliyomaanisha idhini. Ndiyo maana "take leave", ambayo leo ni kuaga, hapo zamani ilikuwa kupata ruhusa ya kuondoka mbele ya mkubwa, jambo ambalo mzee yeyote wa pwani angelielewa bila kufafanuliwa. Basi barua ya ofisi ikisema mtumishi yupo "on leave", amepewa ruhusa ya likizo, hakuacha kazi.