Togwa ya kupoza joto la Septemba, bila friji

Kabla ya mvua za vuli, jua la Mwanza hupasha mawe ya milimani, na nyumba zilizobanana katikati yake hubaki na fukuto hadi usiku. Kwa joto hilo sijaona kinywaji kinachoishinda togwa: inakata kiu, inashibisha, na kuipoza hakuhitaji umeme.

Kwa lita 5 za maji, andaa unga wa mahindi nusu kilo na unga wa kimea cha ulezi robo kilo.

1. Kimea. Pepeta ulezi, uoshe mpaka mchanga uishe, uloweke usiku mmoja. Mwaga maji, utandaze kwenye gunia safi lenye unyevu, ufunike, unyunyizie maji asubuhi na jioni. Vimizizi vikitoka, siku ya pili au ya tatu, anika juani ukauke kabisa, kisha saga. Ukiona ukungu, tupa wote. Wapo wanaotumia mtama, lakini mimi nashikilia ulezi: machipukizi ya mtama yana sumu ya sianidi, na kimea cha togwa hakichemshwi tena. Ukinunua kimea sokoni, kinuse kwanza.

2. Uji. Pika uji mzito uive vizuri, nusu saa hivi. Maji yote yapite kwenye moto, hasa yakiwa ya ziwani. Ukishaepua, usiongeze maji mabichi hata kikombe. Kipindupindu hupitia hapo.

3. Kutia kimea. Hapa usiwe na haraka. Uji wa moto sana huua vimeng'enya vya kimea, na togwa haitalainika hata ukoroge mpaka jioni. Uji uliopoa kabisa huchelewa. Subiri ufike kama nyuzi 50: tone mkononi linakuwa moto, ila halikufanyi ushtuke. Tia kimea kidogo kidogo huku ukikoroga. Baada ya muda mfupi mwiko unakuwa mwepesi, uji mzito unageuka majimaji, na ukionja ni mtamu bila sukari, maana wanga umevunjwa kuwa sukari. Nimepika togwa miaka mingi na bado nafurahia dakika hiyo.

4. Kuchacha. Funika, uache mpaka kesho yake. Kikombe cha togwa ya jana huharakisha.

5. Kupoza. Tafuta mtungi usiopakwa rangi, kwa kuwa rangi huziba vitundu vya udongo. Ujaze maji, uuweke juu ya mchanga mbichi ndani ya karai, uuzungushie gunia bichi, kivulini panapopita upepo wa ziwa. Maji yanayojipenyeza nje yakikauka huondoka na joto. Usimimine togwa moja kwa moja mtungini, itaziba vitundu hivyo. Itie kwenye chupa safi uzizamishe humo. Siku ya mvua ubaridi utapungua, kwa sababu hewa yenyewe ina unyevu.

Inywe ndani ya siku mbili. Baada ya hapo povu huzidi na kilevi huanza kujengeka, kwa hiyo watoto wasipewe.